Jozi Niliyoiweka Kajiado

Kabla tangi langu kubwa halijawa kioo na maji, lilikuwa mstari wa chaki kwenye sakafu ya sebule yetu hapa Kitengela. Nililichora mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, nikanyoosha kingo kwa ubao mrefu, kisha nikakaa kwenye kochi nikaanza kulitazama. Mume wangu aliporudi kazini alisimama mlangoni akauliza ni nani amekufa, maana alidhani polisi ndio wamechora pale mwili ulipolala. Nikamwambia hakuna aliyekufa, hapo ndipo bahari itakapokaa. Akauzunguka mstari kwa heshima, akaenda kunawa mikono. Tangu siku hiyo watu wote wa nyumba hii wakawa wanauzunguka, hata wageni, na hakuna aliyekanyaga ndani.

Niseme mapema, ili msomaji asinitafutie sababu nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo. Mstari ule ulifutwa na kuchorwa upya mara kadhaa, na kila ulipopanuka ni wivu ulioshika chaki. Sikumwonea mtu wivu wa nyumba wala gari. Niliona wivu kwa ajili ya samaki wawili, samaki wangu mwenyewe, waliokuwa wakiishi vizuri kwa mtu mwingine, na nilitaka warudi.

Tangi la kwanza lilikuwa la futi mbili, juu ya kabati karibu na televisheni. Halikuwa la wale samaki wa maji baridi wanaouzwa kando ya barabara. Lilikuwa tangi la maji ya bahari, lenye mawe, matumbawe hai, na mnyama mmoja laini mwenye vidole vingi anayeitwa anemoni. Humo waliishi samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao kila mtoto wa mtaa huu anawajua kwa sababu ya katuni. Jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri. Dume ni mdogo na mtiifu, jambo ambalo mume wangu hakupenda nilieleze mbele ya wageni. Walitoka Pwani kwa basi, wamefungwa kwenye mifuko iliyojazwa hewa, nami nikaenda kuwapokea nimevaa nguo za kanisani.

Kuweka bahari Kitengela ni kazi ya kuchekwa. Maji ya kisima hapa yana chumvi yake, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika na yanakataa sabuni, kwa hivyo kila aliyeniona nikishusha magunia ya chumvi ya matumbawe kutoka Nairobi aliniona mjinga. Mama mmoja wa kanisani alinishauri kwa huruma, "Si ufungue tu mfereji? Hii maji yetu si iko na chumvi tayari?" Nikamweleza kwamba chumvi ya kisima na chumvi ya bahari hata si binamu, na kwamba maji yale yangewaua samaki wangu. Akaitikia kwa kichwa, na Jumapili iliyofuata akanishauri vilevile. Mimi nilikuwa nikinunua maji yaliyochujwa kwenye duka la kujaza mitungi, nayachanganya na chumvi katika pipa, nayapima. Napima kila kitu. Kazi yangu ni ya maabara ya hospitali, na mtu wa maabara akiona maji hawezi kuyaacha yakae tu.

Tatizo lilikuwa anemoni. Samaki wa aina hii, kule baharini, hulala ndani ya vidole vya anemoni kama mtoto kwenye blanketi. Wangu hawakutaka. Walijibanza nyuma ya pampu na kuitazama anemoni kama watu wanaotazama nyumba ya kupanga waliyoambiwa ina kunguni. Niliihamisha kulia, nikaihamisha kushoto, nikabadilisha taa, nikapanga mawe upya kila mwisho wa mwezi. Hawakuigusa hata siku moja. Nikaamua kwamba tangi ni dogo, ndiyo sababu. Mpango wa tangi kubwa ulianzia hapo, na ulianza kwa nia njema kabisa.

Nyumba yetu iko ng'ambo ya Noonkopir, na tuliihamia kabla haijakamilika kama watu wengi wa hapa. Unaingia na madirisha, vigae vinakufuata. Siku ya vigae ilipofika sebule ilitakiwa kuwa tupu, na vumbi la simenti si rafiki wa matumbawe. Nikasema heri, nivunje tangi dogo, samaki wakae mahali kwa muda, nami nijenge kubwa bila haraka. Maana tangi jipya haliingizwi samaki siku lilipojazwa. Ni kama chumba ambacho rangi haijakauka, ukilala humo utaamka kichwa kinagonga. Maji lazima yakae na mawe majuma mengi mpaka yatulie.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuwaweka. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, anaishi Kajiado mjini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza katika mambo haya. Nilikuwa nimempa tangi langu la ziada, mawe, na maji ya kuanzia, akalipokea ili kunifurahisha, akaliweka juu ya dawati kuukuu la shule karibu na dirisha la jikoni. Baada ya hapo hakulifanyia lolote zaidi ya kuongeza maji yakipungua na kubadilisha kidogo nilipomkumbusha. Kioo kilikuwa na ukijani pembeni. Kila nilipomtembelea nilimhurumia kimoyomoyo, na nilifurahia kumhurumia.

Kwetu magharibi kuna desturi ya kuweka ng'ombe kwa rafiki. Unaye ng'ombe, huna malisho, au hutaki majirani wajue una ng'ombe, basi unampeleka kwa mtu unayemwamini. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe. Akizaa vizuri, mlezi hupewa ndama wake. Nilipokuwa mdogo nilimfuata baba kwenda kumwona ng'ombe wetu aliyewekwa kilima cha pili. Baba alibeba sukari. Tuliketi, tukaletewa maziwa, na baba akanywa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe na kusema asante kama mgeni. Njiani nikamuuliza kwa nini ameshukuru. Akaniambia, "Ng'ombe ni wangu. Maziwa si yangu." Nilidhani nimeelewa.

Kwa hivyo nilipofika Kajiado na ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya samaki na nyingine ya anemoni na matumbawe, nilikuwa najua ninachokifanya. Katika gari nilibeba pia vigae vya ziada tulivyonunua, maana wifi alikuwa ameomba vichache vya kuweka nyuma ya sinki.

"Wifi, nakuwekea tu," nikamwambia. "Tangi langu likiwa tayari nakuja kuwachukua."

"Weka," akasema. "Hapa hakuna mtu atawasumbua."

Mume wake alisimama karibu na dawati mikono ikiwa mfukoni, akiwatazama samaki wanavyozunguka. Ni Mmaasai wa Kajiado, anafanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi, na ng'ombe wake wako upande wa Bisil pamoja na kaka zake. Ni mtani wangu mkubwa. Kila nikiingia ananisalimia "Takwenya" kwa sauti ya wazee, mpaka nijibu "Iko" ndipo anipe kiti.

"Shemeji," akasema, "kuanzia leo sikuiti shemeji. Kwetu mtu akikupa mtamba, mnaacha majina. Mnaitana kwa huyo mtamba. Wewe utaniita Paashe, na mimi nitakuita Paashe. Mpaka tuzeeke."

"Sijakupa," nikamwambia. "Nimeweka."

"Sawa, Paashe," akasema, akacheka, nami nikacheka. Nilichukulia ni utani wa mashemeji, nikanywa chai, nikarudi Kitengela kwa furaha.

Siku ya pili wifi alinitumia video kwa simu. Haikuwa na maneno. Ilionyesha tangi lake lenye ukijani, anemoni yangu imefunguka kama sahani, na katikati ya vidole vyake, wamelala ubavu kwa ubavu, samaki wangu wawili. Waliokataa kwangu miaka yote, kwake walikubali kabla ya jua kutua mara mbili.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilimwandikia "Waaau, hongera," nikaweka na picha ya makofi, kisha nikaenda sebuleni ambako fundi wa vigae alikuwa amemaliza kusafisha, nikachora ule mstari wa kwanza wa chaki. Futi nne. Nilijiambia futi nne ndizo walizohitaji.

Wivu una akili yake, nayo hailali. Nilianza kwenda Kajiado kila Jumamosi. Nilimwambia mume wangu nakwenda kupima maji, na kweli nilikwenda na chupa zangu za kupimia, lakini nilikuwa nakwenda kupekua. Nilitaka kukuta kosa. Nilipima nikitarajia chumvi imezidi, na chumvi haikuzidi sana. Nilimuuliza anawalisha nini, nikijua kwamba kile chakula cha kuagiza nilichomwachia ni kidogo.

"Kile kiliisha," akasema. "Nawasagia omena."

"Omena?"

"Ile mama alituma. Kidogo tu. Wanapenda."

Omena wa ziwani, dagaa wa kusagwa kwa kinu cha pilipili! Na samaki wangu walikuwa wamenenepa, rangi yao imekolea kama chungwa la sokoni. Nilisimama mbele ya lile dawati nikiwa na chupa zangu mkononi. Nikamwambia aangalie omena wasiwe na mchanga. Hawakuwa na mchanga.

Mama mkwe naye akapata habari. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniuliza samaki wangu wanaendeleaje tangu niwe nao, ila siku hiyo alinipigia simu kunieleza kwamba binti yake ana mkono mzuri. "Hata kuku wakimfikia wanataga," akasema. "Tangu utotoni." Nikamwambia ni kweli, mama, ana mkono mzuri. Nilipokata simu nilichukua kitambaa chenye maji, nikafuta chaki, nikachora futi tano.

"Hilo tangi likiendelea kukua," mume wangu akasema, "sisi ndio tutahamia ndani."

"Unamtetea dada yako."

"Sijamtaja."

"Ndivyo unavyomtetea."

Akaenda kunawa mikono, maana ameishi nami muda mrefu. Lakini tulipokuwa tukila alisema kitu ambacho kilinikaa kooni pamoja na ugali. Alisema, "Wewe kwa hao samaki ulikuwa kama daktari. Kila saa mkono ndani." Nilimjibu kwamba mgonjwa asiye na daktari hufa. Akasema hawakuwa wagonjwa.

Halafu yakaja mayai. Nilikuwa kazini wakati simu ilipolia, na safari hii wifi aliandika: "Wifi ona hii kitu. Nilidhani ni uchafu karibu nisugue." Niliipanua picha kwa vidole viwili. Kwenye tangi lake, chini ya anemoni, alikuwa ameegemeza kipande cha kigae ili jiwe lisianguke. Juu ya kigae hicho palikuwa na kiraka cha rangi ya chungwa, vitone vidogo vidogo vimeshikana kama mtama uliomwagika kwenye gundi, na dume wangu mtiifu alikuwa anavipepea kwa mapezi.

Nilikitambua kigae. Ni cha kahawia chenye mshipa mweupe, nilichokichagua mwenyewe baada ya kuzunguka maduka yote ya Kitengela mpaka mume wangu akakaa garini na kukataa kushuka. Ni kigae cha sebule yangu. Nyumba nzima imetandazwa hicho, mita kwa mita, na samaki wangu walikuwa wamesafiri hadi Kajiado kukitagia kipande kilichovunjika.

Siku hiyo niliwaonea wivu hata waliokuwa kwenye picha bila hatia. Niliionea wivu anemoni. Niliuonea wivu mkono wa wifi ulioonekana pembeni mwa picha, maana kwenye kidole cha shahada palikuwa na alama ndogo nyekundu, na chini yake aliandika, "Huyu mama yao ameniuma nikiweka jiwe sawa. Wacha niwaheshimu." Jike akiwa na mayai huuma chochote kinachosogea. Nimesoma hivyo mahali pengi. Kwangu hakuwahi kuuma, kwa sababu kwangu hakuwahi kuwa na cha kulinda. Mtu mwingine angeona kidole kilichoumwa akasema pole. Mimi nilikitamani.

Jioni hiyo nilichora futi sita, na mstari ukafika hadi mlango wa jikoni.

Fundi wa vyuma alikuja kupima meza ya kulibebea tangi. Aliutazama mstari, akaruka mara tatu katikati ya sebule kupima sakafu kwa miguu yake, akasema itabeba, labda ng'ombe wawili na mwenye nao. Akachomelea meza ya vyuma vinene, fundi wa vioo akaja na vioo vyake vimefungwa kwenye magodoro, na tangi likaungwa palepale kwa sababu lisingepita mlangoni. Nikaweka tangi la pili chini yake, la kuchuja. Nikaweka hita kwa ajili ya baridi ya Julai, na inveta, kwa sababu hapa kwetu stima hupotea bila kuaga na pampu ikisimama kutwa nzima bahari yote inaoza. Duka la maji likaniuliza kama nimefungua hoteli. Nilichanganya chumvi pipa baada ya pipa mpaka mabega yakaniambia imetosha, na tangi likajaa, na siku mawe yalipoingia na maji yakawa meupe yakatulia, mume wangu aliketi mbele yake akasema, "Kweli ni bahari." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Kisha tukangoja maji yakomae. Nilipima kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wakati huo wote kule Kajiado walikuwa wakitaga na kutaga tena, vifaranga wakianguliwa wanaliwa au wanapotea kwenye mawe, maana kuwalea ni kazi nyingine kubwa, lakini wazazi hawakukata tamaa. Kila kutaga, picha. Kila picha, nikapiga makofi kwa kidole gumba. Ndani nilikuwa nikisema: tageni, tageni, mkija kwenu mtataga kwenye bahari ya futi sita, na mama mkwe atakuja kwa gari aione.

Siku maji yalipokuwa tayari nilifanya mambo kwa utaratibu wa kwetu. Nilinunua sukari, majani ya chai, mkungu wa ndizi, na shuka jipya la wifi. Nikaweka ndoo na wavu katika gari. Mume wangu alitaka kuja, nikamwambia abaki aangalie hita. Nilipopita Isinya nilikuwa naimba.

Wifi alinipokea vizuri kupita kiasi, jambo lililonitia shaka. Chapati zilikuwa tayari, na nyama. Mume wake alikuwa nyumbani pia, amevaa shati la kutoka. Tulikula, tukaulizana habari za watu wote walio hai. Nilipoona wakati umefika nikasema, "Wifi, nimekuja kwa lile jambo. Bahari iko tayari."

Wifi alimtazama mumewe. Yeye akaweka kikombe chini.

"Paashe," akasema, na safari hii hakucheka. "Mimi nilikwambia siku ile. Kwetu mtamba akipita kati ya watu harudi. Akirudi, ni kama mmoja amesema hatuko kitu. Hata jina litakufa."

"Nami nilisema nimeweka."

"Ulisema. Na mimi nikasema Paashe na ukacheka." Alifikiri kidogo. "Lakini wewe ni wa kwetu. Siwezi kukuzuia mkono. Tangi ile pale."

Hapo ndipo ningetarajia wifi aseme kitu, anisihi au anikasirikie, nipate cha kushika. Badala yake alisimama akatoa vyombo mezani, na nilipomwangalia niliona kwamba anajizuia kulia, mtu mzima, juu ya samaki ambao alikuwa amewapokea ili kunifurahisha. Na mimi nitasema kweli. Sikumhurumia wakati huo. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba samaki wamefika mahali pa kumliza.

Nilikunja mkono wa blauzi. Tangi lake lilikuwa na ukijani uleule, dawati lilelile lenye majina ya watoto yaliyochongwa kwa kalamu. Anemoni ilikuwa imejigawa, ziko mbili sasa, moja kubwa na nyingine pembeni ikijitafutia jiwe. Na kwenye kigae palikuwa na mayai, si ya rangi ya chungwa tena. Yalikuwa ya kifedha. Niliinama karibu na kioo, nikaona ni macho. Kila yai lilikuwa na macho mawili yanayongoja.

Nikaingiza wavu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nikautanguliza kumzungusha jike aelekee wavuni. Huu ni mkono uliomtoa kwenye mfuko siku alipotoka Pwani. Ni mkono uliomlisha vipande vya kamba wa baharini kwa kibano mpaka akajifunza kuja juu akiniona. Hakuja juu. Alisimama mbele ya kigae, akanitazama kwa upande kama wanavyotazama, kisha akanijia moja kwa moja na kuniuma kwenye kidole, akarudi, akanijia tena. Dume naye, yule mtiifu, akaja nyuma yake. Meno yao si kitu, ni kama kukwaruzwa na msasa. Ila sikuwa nimewahi kufukuzwa na kitu nilichokilea.

Nilikaa na mkono ndani ya maji muda, naye akaniuma mpaka akachoka. Ningeweza kumchukua. Wavu ulikuwa tayari, na kwa mkono mmoja tu angekuwa ndooni nikitaka. Mayai yangebaki bila wa kuyapepea na yangekufa kabla sijafika Isinya. Nilitoa mkono kwanza, kisha nikatoa wavu, nikaomba kitambaa.

"Imekuuma?" wifi akauliza kutoka mlangoni.

"Imeniuma."

"Pole. Hiyo huwa inauma mtu haijui."

Hakusema kwa ubaya. Wifi hana ubaya, na hilo nalo nimekuwa nikimwonea wivu tangu niolewe. Alikuja akanifunga kidole kwa plasta ambayo haikuhitajika, na nikamwacha anifunge. Kisha akachukua ndoo yangu, akachota maji ya tangi lake, akaibandua ile anemoni ndogo kwenye jiwe kwa kucha, taratibu, bila kuichana, akaiweka ndani.

"Hii ni ya kwako," akasema. "Nakuwekea."

"Unaniwekea?"

"Eeh. Ikigawanyika utaniambia."

Mumewe alibeba ndoo mpaka kwenye gari, akaifunga kwa mkanda wa kiti cha nyuma kama mtoto. "Safari njema, Paashe," akasema. Nikamjibu, "Asante, Paashe." Niliona amefurahi, nami nikamkasirikia kwa kufurahi kwake.

Niliendesha bila kuimba. Nilipanga maneno mengi ya kumwambia mume wangu. Kwamba mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, kwamba tutangoja yaanguliwe, kwamba jike atulie kwanza, kwamba nitarudi mwezi ujao. Yote yalikuwa kweli na nilijua sitarudi na wavu.

Nilipofika alikuwa amewasha taa zote za tangi. Lilikuwa zuri. Futi sita za maji safi, mawe yamepangwa mara moja tu, pampu zinasukuma mawimbi madogo huku na huku, na ndani hakuna hata kitu kimoja chenye macho. Alifungua kifuniko cha ndoo, akaangalia, akaona kile kitu kidogo laini kimejikunja chini kama soksi.

"Samaki wako wapi?"

"Wako kwao," nikamwambia.

Nilisikia nilichosema. Naye alisikia, akaenda kuniletea kikombe. Nikapiga magoti, nikaanza kuchota maji ya tangi na kuyamimina ndani ya ndoo kidogo kidogo, kikombe kimoja, kingine, ili anemoni ya wifi iyazoee. Nilipoiweka juu ya jiwe nilitaka sana kuisogeza kidogo kulia, penye mwanga. Nikaweka mikono yote miwili mfukoni.